Ukipigwa picha na kamera ya spidi usikae kimya, na wenye kamera nao wasikae kimya

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Nimesoma barua ya msomaji mwenzetu mliyoitoa juzi juzi hapa, yule aliyeshauri kwamba ukipigwa picha na kamera ya spidi barabarani wewe endelea na maisha yako, barua ikija itupe, ikija ya pili nayo itupe, watachoka wenyewe. Naomba nafasi nimjibu maana hayo anayoyasema mimi nimeshayafanya na najua yalinifikisha wapi, ila pia kuna upande mmoja namuunga mkono kabisa japo yeye hakuueleza, ntafika huko.

Tuanze na ule mwanga wenyewe. Aliyewahi kumulikwa anaujua. Unaendesha zako barabara nyeupe, mawazo yako yapo kwenye mambo mengine kabisa, mara paa! panawaka kwa nyuma, moyo unaruka, alafu jicho linakimbilia dashibodi. Sasa hapo ndo watu wengi wanajidanganya maana mda jicho linafika kwenye dashibodi mguu ushakanyaga breki tayari, kwaiyo namba unayoiona siyo ile uliyopita nayo kwenye kamera, unaona 58 unasema ah niko salama kumbe ulipita na 71. Alafu ndo unaanza kukaa na presha. Wiki nzima kila simu ikiita unashtuka, kila bahasha unaiangalia mara mbili, na hutaki kumwambia mtu yeyote nyumbani.

Mimi nilikaa na presha hiyo siku kumi na tisa mara ya kwanza.

Nikaja kujua baadaye kwamba mwanga peke yake siyo tiketi. Inawezekana aliyemulikwa ni gari la pembeni yako, inawezekana ni kamera ya taa nyekundu, inawezekana ni mafundi wapo wanaijaribu. Na kinyume chake pia ni kweli, kuna kamera zinatumia mwanga wa infraredi ambao jicho la mtu haliuoni kabisa, kwaiyo yule anayesema sijaona mwanga wowote basi sina kesi naye asijipe uhakika. Na zipo zile za wastani ambazo wala hazina habari na mwanga, zinasoma namba za gari lako sehemu ya kwanza, zinasoma tena mbele huko, alafu zinagawanya umbali kwa mda. Kama kipande ni kilomita 10 na kibao kinasema 100, basi huwezi kukimaliza chini ya dakika 6 bila kuvunja sheria, ukikimaliza kwa dakika 5 umeenda kwa wastani wa 120 na hakuna maneno hapo. Hizi za wastani ndo zinawakamata wale wenzetu wanaopunguza mwendo wakiona mlingoti alafu wakishaupita wanakanyaga mafuta. Na naomba niseme wazi, huo mchezo wa kufunga breki ghafla mbele ya kamera ni hatari kuliko spidi yenyewe wakati mwingine, aliyeko nyuma yako hajui kwanini umesimama.

Kuna kitu kingine nataka wasomaji wakijue kuhusu dashibodi. Nchi nyingi zinafuata kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inayohusu mita ya mwendo, na inasema mita hairuhusiwi kabisa kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi, ila inaruhusiwa kuzidisha kidogo, mpaka sehemu moja ya kumi pamoja na kilomita 4 juu yake. Maana yake kama kweli unaenda 80 mita inaweza kukuonyesha mpaka 92 na bado ikawa ipo sawa kisheria. Kwaiyo kama gari lako ni la kawaida halijachezewa, na mita ilikuonyesha 83 kwenye 80, kuna uwezekano mkubwa ulikuwa chini ya 80 na hukuwa na kesi. Lakini kama umefunga tairi kubwa kuliko zile za kiwandani hesabu hiyo inageuka, mita inaweza kukuonyesha mwendo mdogo kuliko unaoenda, na wengi waliobadilisha tairi kwa ajili ya urembo hili hawalijui mpaka barua ifike.

Alafu kuna ile ziada ambayo wenye kamera wanaipunguza kwenye mwendo uliopimwa. Ujerumani kwa mfano, kwenye kamera za kawaida wanakutolea kilomita 3 kama ulipimwa chini ya 100, na ukizidi 100 wanakutolea asilimia 3, hii ni kwa ajili ya makosa ya kifaa chenyewe, siyo zawadi kwa dereva. Nimesikia watu wanapiga hesabu za kuendesha ndani ya ziada hiyo, eti kibao kinasema 50 we nenda 53. Hapana. Ile ziada siyo ya kwako.

Sasa nirudi kwenye ushauri wa kutupa barua. Mara ya kwanza mimi nilipopigwa picha barua ilikuja siku ya 19, nikaifungua nikaisoma nikairudisha kwenye bahasha nikaiweka juu ya kabati. Sikuitupa lakini nilichofanya hakina tofauti na kutupa. Nilikuwa najiambia nikishaisahau na wao watasahau. Mashine haisahau jamani! Ilikuja ya pili ikiwa imeongezeka, ikaja ya tatu ikisema sasa suala linapelekwa mbele, na kile kiasi ambacho ningekimaliza siku ya kwanza kikawa kimekua mpaka nikakopa kwa dada yangu nikalipe. Na lililoniuma zaidi siyo hela, ni kwamba ule mda wa kupinga au wa kuomba kuelezwa ulikuwa umeshapita wakati bahasha imelala juu ya kabati, kwaiyo hata kama ningekuwa na hoja ya kweli nisingekuwa na pa kuipeleka. Mwenzetu anayeshauri watu watupe barua ajue anawanyima haki yao ya kujitetea, hawatetei.

Upande ninaomuunga mkono ni huu. Msomaji yule anaonyesha ana hasira kwa sababu barua zinachelewa na hazielezi kitu, na hapo ana haki na mimi nina hasira kama yake, tena yangu inaweza kuwa kubwa zaidi kwa sababu ya jambo lililonitokea mara ya pili.

Mara ya pili barua ilikuja inakaribia miezi mitatu baada ya tukio. Miezi mitatu! Imeandikwa tarehe, saa 10 na dakika 22 jioni, jina la barabara, mwendo 67 kwenye 50, basi. Hakuna picha. Na gari lile mwenye kadi ni mimi ila nyumbani tunaendesha watu watatu, mimi, mke wangu na shemeji yangu mdogo wake mke wangu. Nikasoma ile tarehe nikasema moja kwa moja huyu ni shemeji, maana yeye ndo anapenda kukimbiza gari na mimi sikumbuki kabisa kupita barabara ile siku ile. Nikampigia. Akasema shemeji siyo mimi. Nikamwambia usinidanganye. Akaapa. Tukarushiana maneno ambayo sitayaandika hapa, mke wangu akaingilia kati, ikawa hakuna anayeongea na mwenzie siku mbili.

Siku ya tatu nikaandika kuomba picha, na nawashukuru waliitoa, ila ilikuwa imepigwa kwa nyuma, unaona gari, unaona namba, dereva humuoni. Ndipo nikakaa chini nikaanza kurudi nyuma kwenye simu yangu, jumbe za siku ile moja baada ya nyingine, nikakuta nimemwandikia mtu saa 10 na dakika 41 jioni "nimeshafika", na kule nilikokuwa nimefika huwezi kufika bila kupita barabara ile. Nilikuwa ni mimi. Nimeshamtuhumu kijana wa watu siku mbili, nimemuita muongo, na mimi mwenyewe ningeapa mahakamani kwamba siyo mimi na ningekuwa naapa kwa moyo safi kabisa kwa sababu kweli sikuwa nakumbuka.

Hilo ndo jambo ninalotaka wahusika walisikie mhariri. Barua ikichelewa hivyo inamfanya mtu mkweli aseme uongo bila kujua. Nani anakumbuka alikuwa wapi saa 10 na dakika 22 miezi mitatu iliyopita? Uingereza sheria yao kwa kawaida inataka taarifa imfikie mwenye gari aliyeandikishwa ndani ya siku 14 tangu tukio, na ikichelewa kwa uzembe wao kesi inaweza kufa, alafu mwenye gari naye anapewa siku 28 za kumtaja aliyekuwa anaendesha na asipomtaja hilo nalo ni kosa jingine zito kuliko spidi yenyewe. Yaani pande zote mbili zina saa inayohesabu. Siku 14 bado unakumbuka, bado unaweza kuulizana nyumbani bila kugombana, na kama kibao kilikuwa kimefunikwa na matawi ya mti bado unaweza kurudi ukakikuta kimefunikwa vile vile ukakipiga picha. Baada ya miezi mitatu mti umeshakatwa.

Na picha ije pamoja na barua. Siyo mpaka mtu aombe, wengi hawajui kama wanaweza kuomba. Picha siyo mapambo, picha ndo ushahidi wenyewe na mwananchi wa kawaida anaweza kuukagua. Kwanza unaangalia ni gari lako kweli, rangi, aina, ule mkwaruzo unaoujua mwenyewe, maana kuna watu wanatengeneza namba bandia wanafunga kwenye gari lingine alafu barua zinakuja kwako. Pili unaangalia kama kuna magari mawili ndani ya picha, maana kamera ya rada inatuma mawimbi yanagonga gari yanarudi, na tofauti kati ya yaliyotumwa na yaliyorudi ndo inatoa mwendo, sasa kama mmepita wawili sambamba swali la kuuliza ni mawimbi yale yalirudi kutoka kwa nani. Kwa sababu hiyo hiyo kamera nyingi za zamani zinapiga picha mbili, zikipishana nusu sekunde hivi, na barabarani pamechorwa mistari myeupe yenye nafasi inayojulikana, ili mtu ahesabu gari limesogea mistari mingapi. Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Kama picha zimepishana nusu sekunde chukua mita ulizosogea zidisha kwa 7.2, unapata kilomita kwa saa. Umesogea mita 10, ulikuwa na 72. Umesogea mita 7, ulikuwa na 50 na kidogo. Mimi nilipoelekezwa hii nilikaa mezani na rula na ile tiketi yangu ya kwanza na nikakuta wako sahihi, nikanyamaza, na kunyamaza kwa kuelewa siyo sawa na kunyamaza kwa kuogopa.

Hapa niseme kitu kidogo nje ya mada. Mwanzilishi wa kamera hizi alikuwa dereva wa mashindano! Maurice Gatsonides, Mholanzi, mshindi wa Monte Carlo Rally mwaka 1953, alitengeneza kifaa cha kujipima mwendo wake mwenyewe kwenye kona ili aweze kwenda kasi zaidi. Baadaye ndo vifaa vya kampuni yake vikaenea duniani vikitumika kupunguza kasi. Huwa nalifikiria hili nikimsikia mtu anasema kamera ni kazi ya watu wasiojua kuendesha.

Kuna ushauri mwingine unazunguka na naomba niuseme wazi kwa sababu unaharibu familia, ule wa kumpa mtu mwingine akubebee kosa. Mpe mkeo, mpe mama, mpe binamu ambaye leseni yake ni safi. Chris Huhne, aliyekuja kuwa waziri Uingereza, gari lake lilipigwa picha mwaka 2003, mkewe Vicky Pryce akasema ni yeye aliyekuwa anaendesha, mambo yakakaa kimya miaka mingi mpaka ndoa ilipovunjika ndo yakatoka nje, Huhne akaacha uwaziri mwaka 2012 na mwaka 2013 wote wawili wakahukumiwa miezi minane jela. Kosa la spidi ambalo lingeisha kwa faini na pointi za adhabu kwenye leseni. Kwaiyo kama ni wewe sema ni wewe, kama hujui nani sema sijui na ueleze umefanya nini kujaribu kujua, andika, tunza nakala.

Na mnaosubiri barua kwa presha kuweni macho na meseji za simu, zile zinazosema una faini ya mwendokasi bofya hapa ulipe leo kabla haijaongezeka. Matapeli wanajua kabisa kwamba mtu aliyemulikwa jana ataamini chochote leo. Usibofye. Ingia mwenyewe kwenye mfumo rasmi, au nenda ofisini, angalia kwa namba ya gari lako kama kuna kitu. Alafu hakikisha anuani na namba ya simu kwenye kadi ya gari ni za kwako za sasa, na kama uliuza gari badilisheni jina siku hiyo hiyo, maana kamera haimjui aliyenunua, inakujua wewe. Wa magari ya kukodi ndo kabisa, barua inaenda kwanza kwa kampuni ndipo inakuja kwako, na mda unaliwa njiani.

Sitaki mtu asome barua hii aseme nazipinga kamera. Sizipingi. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu hatari ya ajali yenye kifo inapanda kwa asilimia 4, na watu takriban milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka dunia nzima. Ile 67 yangu kwenye 50 niliipigia hesabu pia. Kwenye 50 gari linaenda karibu mita 14 kila sekunde, kwenye 67 ni zaidi ya 18, yaani mtoto akitokea ghafla, kabla hata mguu wangu haujagusa breki nimeshakula mita nne na zaidi ambazo zilikuwa za kwake. Na nguvu ya kugonga haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa kipeo cha pili, kwaiyo ile ziada ya 17 inaleta karibu asilimia 80 zaidi. Nililipa tiketi ile na sijutii kulipa.

Ninachoomba ni vitu viwili na siyo vikubwa, taarifa itoke ndani ya wiki mbili, na picha iwe ndani. Kamera imesoma namba yangu kwa sehemu ya sekunde, haiwezi kuwa vigumu kunitafuta ndani ya siku kumi na nne. Mkiweza mhariri waulizeni wahusika kwa niaba yetu kwanini inachukua miezi, na majibu yao myachapishe hata kama ni mafupi.

Shemeji yangu nilimwomba radhi mbele ya dada yake. Alisamehe, ila aliniambia kitu kimoja, shemeji ungeniuliza kabla ya kuniambia. Siku hizi kuna daftari kwenye droo ya dashibodi, anayechukua funguo anaandika tarehe, saa na anakoenda, akirudi anaandika saa aliyorudi. Ukurasa wa kwanza niliuandika mimi, tangu hapo yeye ndo anaandika vizuri kuliko wote.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku, dereva.